Tusiwaue walinzi wa mboga zetu

Mvua za Septemba zimeshika, msimu A umefunguka, na katika soko la Kadutu, pembeni ya mbegu za maharagi na mahindi, vile vichupa vimerudi. Wamama mnavijua. Jana vilikuwa vya maji ya kunywa ao vya siro ya kikohozi, leo vina maji meupe kama maziwa, yenye harufu inayopanda hadi kwenye macho. Hakuna jina, hakuna kipimo, hakuna tarehe. Muuzaji anasema tu: "Ni dawa ya bidudu, weka kifuniko kimoja kwa bido." Bido ya lita 5 ao ya lita 20? Hapo kila mnunuzi anajijibu mwenyewe, na wengi wanajibu kwa kuongeza kifuniko cha pili ili bidudu wafe vizuri.

Mimi nasema waziwazi: kwa bustani ndogo za hapa Bukavu, zile za nyuma ya nyumba kule Panzi na Bagira, za kwenye magunia, za kwenye miteremko ambako mtu analima hatua tatu kwa nne, vichupa hivi tuviache. Vinakula franga zetu, vinaingia kwenye sahani za watoto, na kuna hasara ya tatu ambayo hatuizungumzii kabisa: vinaua bidudu waliokuwa wanatulindia mboga bure. Hiyo ya tatu ndiyo nataka tuiongelee, kwa sababu zile mbili za kwanza tunazisikia kila siku na bado tunanunua.

Ninajua nani ananisikiliza. Kuna jamaa zilizotoka Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, baada ya maji na udongo wa Mei 2023 kubeba nyumba na mashamba. Kuna waliokimbia mapigano upande wa Minova. Na tangu Februari 2025, vita vilipofika mpaka ndani ya mji wetu, kuna waliohama mara mbili ao tatu, na wenyeji waliowapokea nao mifuko yao imekauka. Kwa jamaa kama hizo tuta moja la lengalenga si mchezo. Ni mboga ya bugali siku ambayo hata sambaza hazinunuliki, ni mafungu mawili ya kuuza ili sabuni ipatikane. Kwa hiyo sitawaambia mpende bidudu kwa uzuri wao. Naongea hesabu.

Chukueni maharagi. Wiki ya tatu ao ya nne, ncha za mimea zinaanza kuwa nyeusi, zinanata, na sisimizi wanapanda na kushuka. Hao weusi ni pusero, vidukari wanaofyonza maji ya mmea. Pusero jike hahitaji dume: anazaa watoto walio hai, na watoto hao, baada ya kama siku kumi, nao wanazaa. Adui yake, kokisineli, yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, anahitaji karibu mwezi mzima kutoka yai mpaka kuwa mkubwa. Sasa nyunyiza dawa. Wote wanakufa siku moja. Baada ya siku chache upepo unaleta pusero wengine kutoka shamba la jirani, wanakuta uwanja mtupu, hakuna wa kuwazuia, wanazaana kuliko mwanzo. Kokisineli atarudi baada ya mwezi, kama atarudi. Katikati ya hapo wewe umesharudi Kadutu kununua kichupa cha pili. Ni biashara nzuri sana, lakini kwa muuzaji.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Walinzi hawa tunawaua hata bila dawa, kwa vidole vyetu, kwa sababu hatujui sura zao. Kokisineli mkubwa tunamjua, watoto wanacheza naye. Lakini mtoto wake je? Si mviringo, si mwekundu. Ni mrefu, mweusi ao wa kijivu, ana miguu sita na madoa ya rangi ya machungwa, anafanana na mamba mdogo sana. Mtu akimkuta juu ya jani la maharagi anasema "huyu ndiye anayeharibu", anamponda. Kumbe huyo mtoto anaweza kumaliza mamia ya pusero kabla hajaota mabawa.

Mwingine ni nzi mwenye mistari ya njano na nyeusi. Anafanana na nyuki mdogo, anasimama angani kama helikopta halafu anahama ghafla. Hana mwiba, hawezi kukuuma. Yeye mwenyewe anakula kwenye maua tu, lakini mayai yake anayataga katikati ya pusero, na mtoto wake, funza asiye na miguu, wa kijani ao wa rangi ya udongo, anawanyonya mmoja baada ya mwingine mpaka yabaki maganda. Halafu kuna nyigu wadogo, wadogo kiasi kwamba utadhani ni vumbi linalotembea. Hao wanatia yai ndani ya pusero aliye hai. Geuza jani: ukiona pusero aliyevimba, mkavu, rangi ya karatasi ya kaki, na mgongoni ana tundu la mviringo, ujue kazi imekwisha fanyika, nyigu amezaliwa humo na ametoka kutafuta wengine. Ukiwaona kumi wa namna hiyo kwenye mmea mmoja, kaa na franga zako.

Lakini hata jamaa ya kokisineli ina wasaliti. Kuna mmoja mwenye rangi ya machungwa iliyofifia, hana mng'ao, mgongo una vinyweleo vifupi na madoa mengi, na mtoto wake ni wa njano mwenye miiba. Huyo hajali pusero. Anakula majani ya viazi, ya biringanya na ya maboga, anayachuna mpaka yanabaki kama wavu. Huyo mponde, yeye na mayai yake, bila huruma. Kwa ufupi: anayeng'aa mwache, asiye na mng'ao mwenye manyoya mtoe.

Najua kuna watakaosema kwamba hizi ni hadithi za watu wenye muda, kwamba kidudu hakiwezi kuokoa chakula cha watu. Tuwakumbushe mambo ya muhogo.

Mwaka 1973, nchi ikiitwa Zaire, mdudu mweupe kama unga alionekana kwenye mihogo upande wa Kinshasa na Brazzaville. Alitoka Amerika ya Kusini, kulekule muhogo wenyewe ulikotoka, lakini alifika kwetu bila maadui wake. Ncha za mihogo zikajikunja, sombe ikakosekana, na palipoharibika sana mavuno yalipungua hadi 80 kwa mia. Mdudu akaendelea nchi baada ya nchi. Dawa? Mkulima gani wa muhogo ana pesa ya kunyunyiza shamba zima, na nani angekula sombe hiyo baadaye? Wachunguzi wa IITA, kule Ibadan nchini Nigeria, wakiongozwa na Mswisi anayeitwa Hans Rudolf Herren, walifuata njia nyingine: walienda kumtafuta adui wa yule mdudu kwao alikozaliwa. Mwaka 1981 akapatikana Paraguay nyigu ambaye hafiki hata milimita tatu. Alichunguzwa kwanza Uingereza, ili kuhakikisha hataleta balaa mpya, na mwaka huohuo akaachiliwa Nigeria. Baadaye waliachiliwa katika nchi nyingi za Afrika, Zaire ikiwemo; wengine walirushwa kutoka kwenye ndege. Mdudu mweupe hakumalizika, lakini alishuka mpaka akaacha kuwa janga. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani, na IITA hiyohiyo leo ina kituo Kalambo, hapa kwetu Kivu ya Kusini. Mama anayeponda sombe jioni hii kule Nyamugo ana deni kwa nyigu, na hajui.

Kwa mashu, yaani kabichi, mfano uko karibu zaidi. Kuna kiwavi mdogo wa kijani anayetoboa majani ya mashu vidirisha vidirisha; ukimgusa anajirusha na kuning'inia kwa uzi. Mama yake ni nondo mdogo wa kijivu. Huyu kiwavi ni sugu duniani kote: dawa nyingi amezizoea, unanyunyiza naye anaendelea kula. Kituo cha icipe cha Nairobi kilileta nyigu kutoka Taiwan, na mwaka 2002 kikaanza kumwachilia kwenye milima ya Taita, nchini Kenya, kisha Tanzania na Uganda pia. Uharibifu ulipungua, na wakulima wakapunguza kunyunyiza. Lakini walionywa jambo moja: anayeendelea kumwaga sumu kali kila wiki anamuua nyigu kwanza na kumwacha kiwavi. Ni hilohilo tunalolifanya huku, na nyigu wetu wenyewe wa hapa, ambao hakuna mtu aliyewaleta kwa ndege.

Basi walinzi hawa wanataka nini? Kwanza waachwe wazima. Pili wapate chakula. Nyigu mkubwa na yule nzi wa kusimama angani hawali viwavi wala pusero. Wanaishi kwa maji matamu ya maua. Bustani ya mashu matupu, iliyofyekwa safi mpaka ukutani, ni kama kumweka mlinzi wa usiku bila kumpa hata chai. Atakaa kwa nani?

Maua mazuri kwao ni yale madogo madogo yaliyo wazi, ambayo mdomo mfupi unafika ndani. Dania ni ya kwanza. Mbegu yake ni ileile inayouzwa kwa viungo vya pilau. Nunua kidogo ambayo haijakaangwa wala kusagwa, ipasue kwa mkono, ipande, na kabla ya miezi miwili kupita itakuwa imetoa maua. Seleri, karoti, puaro: usivune zote, acha mashina mawili matatu yazeeke na kuchanua. Shu la Kichina likikimbilia kutoa maua kabla hujalila, usilingoe kwa hasira, liache liwalishe walinzi. Alizeti moja kwenye kona ya parseli haichukui nafasi. Ile titonia, maua marefu ya njano ya kando ya barabara, majani yake machungu tunayakata kuweka kwenye udongo, na ni vizuri, lakini tuache matawi kadhaa yachanue. Hata ile nyasi ya mbegu nyeusi zinazonata kwenye nguo, ikibaki kidogo pembeni, si nje ya mahali pake. Jamaa yenye magunia matatu tu mbele ya mlango inaweza kupanda dania ndani ya kopo kuukuu la maziwa. Nyigu hapimi parseli.

Wazee waliotoka vijijini Kabare na Kalehe hawatashangaa. Shamba la bibi lilichanganya maharagi, mahindi, maboga, muhogo na migomba mahali pamoja, na mtaalamu mmoja ao mwingine akaja kusema ni fujo. Katika fujo hiyo kila mdudu alikuwa na adui wake karibu. Wale wamama waliohama wamebeba ujuzi huo kichwani, na tunapowapa semina za kupanda mistari ya zao moja, tunauzika.

Hapa nina neno kwa mashefu wa kata na wa avenyi. Salongo ya Jumamosi ni kazi nzuri. Mitaro lazima izibuliwe, hatutaki kipindupindu wala mbu. Lakini kwa nini tunafyeka mpaka udongo mwekundu unaonekana, hata kwenye mteremko mkavu ambako maji hayatuami? Mvua ya kwanza inapokuja, udongo huo unashuka kwa jirani wa chini, na kila mtu Bukavu anajua kinachofuata. Acheni ukanda wa upana wa mpini wa jembe, mbali na mtaro na mbali na milango, wenye nyasi na maua. Utashika udongo, na utawapa wadudu wema nyumba.

Sasa nije kwenye hoja ngumu, ile ya mama anayesema: "Wewe unaongea maua, mimi pusero wanakula maharagi yangu leo." Ana haki. Walinzi hawafiki siku unayowaita. Siku za kwanza utapoteza majani, hilo lisemwe wazi, na asiyelisema anawadanganya watu. Lakini katikati ya kukaa bure na kununua sumu kuna kazi nyingi za mikono. Kwenye tuta dogo ncha iliyojaa pusero unaikata na kuiponda. Majani unaweza kuyasuuza kwa maji kutoka upande wa chini. Kiwavi anayesokota jani la lengalenga kwa utando unamtoa pamoja na jani lake asubuhi. Bustani zetu ni ndogo, na safari hii udogo huo unatusaidia: hatua tatu kwa nne zinakaguliwa zote kabla chai haijachemka.

Wengine wanakimbilia dawa ya kienyeji wakidhani haina shida. Pilipili, sabuni na majivu si sawa na kile kichupa, ni kweli, lakini ukinyunyiza kila mahali, kokisineli mchanga naye anaungua. Weka palipo na adui tu. Pareto, iliyolimwa sana kwenye milima ya Kivu, inatoka kwenye ua, lakini inaua rafiki na adui pamoja. Na maji ya tumbaku mimi siyashauri kabisa: nikotini ni sumu ya mtu, inapita hata kwenye ngozi ya mikono inayoyachuja.

Wala si kila shida itaondolewa na wadudu. Mozaiki ya muhogo inakuja na vijiti vya mbegu vyenye ugonjwa. Hapo dawa ni kuchagua vijiti vizuri. Mnyauko wa migomba hata unasambazwa na wadudu, nyuki wakiwemo, wanaotembelea lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Hilo livunje mapema baada ya kichane cha mwisho kutoka, kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu kinachobeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Na viwavi-jeshi vya mahindi, waliofika Afrika mwaka 2016 na ambao wachunguzi wa Université Évangélique en Afrique hapa Bukavu wamewafuatilia katika jimbo letu, ni adui mkali kweli. Lakini angalieni anapokaa: ndani ya moyo wa mmea, amefunikwa na mavi yake kama ungaunga wa mbao. Dawa ya kichupa mara nyingi haimfikii. Sisimizi anamfikia. Mdudu mwenye mkasi mkiani anamfikia, na huyo tunamuua tukiogopa ataingia sikioni. Mayai ya nondo wake yako kwa fungu juu ya jani, yamefunikwa na manyoya. Kidole kimoja kinayamaliza kabla viwavi hawajazaliwa.

Juu ya afya nitasema kidogo tu. Mboga iliyonyunyizwa jana na kuuzwa leo haisafishwi na maji ya kuosha peke yake. Chupa ya sumu haiwezi kugeuka tena chupa ya maji ya mtoto. Na mtu aliyenyunyiza dawa akianza kutoka jasho jingi, mate, kutapika, kutetemeka, macho yakiona giza, hilo si malaria la kusubiri kesho: vueni nguo zake, mwosheni kwa sabuni, mkimbizeni kwenye kituo cha afya pamoja na kile kichupa ili muganga akione.

Neno la mwisho nawaelekezea wanaogawa mbegu. Mashirika yanakuja kwa jamaa zilizohama na kwa wenyeji wao na mfuko wa lengalenga, wa mashu, wa nyanya, jembe, kopo la kumwagilia, na mara nyingine dawa ndani ya mfuko huohuo. Dawa hiyo bila glavu, bila kipimo, bila mtu wa kuisoma, ni bora ibaki depo. Mahali pake wekeni gramu chache za mbegu za dania na za alizeti, hazina bei. Ongezeni karatasi moja yenye picha za walinzi wanne na wasaliti wawili, maelezo kwa Kiswahili na kwa Kishi, picha kubwa kwa asiyesoma. Waagronomu wa INERA Mulungu na wanafunzi wa vyuo vyetu wanawajua wadudu hawa kwa majina ya Kilatini. Tunawaomba watusaidie kupata hata majina ya nyumbani. Na kabla ya kufundisha, kaeni nusu saa na wamama wa Kalehe mkiwauliza bibi zao walikuwa wanaacha mimea gani kwenye mpaka wa shamba.

Ugawaji wa msimu huu haujaisha katika kata zote. Anayepokea mbegu wiki hii aulize palepale, mbele ya watu, kama ndani ya mfuko kuna ua.